Dada amebeba mtoto mgongoni

"Dada amenyoa ndevu."

Alisoma hivyo kwa sauti ya kujiamini, kidole kikigusa ubao, na darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, siwezi kudanganya. Ubaoni nilikuwa nimeandika Baba amenyoa ndevu. Yeye peke yake hakucheka. Aliangalia neno, akaangalia kidole chake, akarudi kwenye neno, kama mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai na hajui ni nani amemfanyia hivyo.

Ana miaka 11. Nitamwita Kasuku, si kwa dharau, sababu mtaiona. Jina lake halisi silitoi, wala la shule, wala la mtoto mwingine yeyote humu. Mjue tu kwamba tuko kaunti ya Vihiga, kwenye vilima vya Maragoli, pale ambapo mawe ni makubwa kuliko nyumba na mashamba ni madogo kuliko uwanja wa mpira, na kwamba shule yetu ya msingi iko chini ya Kanisa la Marafiki, wale ambao dunia nzima inawaita Quaker.

Mimi si Mrafiki. Ni Mkatoliki, nimezaliwa karibu na misheni ya Mukumu kule Kakamega. TSC, tume inayoajiri walimu, iliponileta hapa mwaka 2009 nilikuwa sijawahi kuingia kanisa ambalo halibatizi kwa maji na halina komunyo. Jumapili ya kwanza nilikaa nikingoja mkate na divai mpaka watu wakaanza kuondoka. Lakini mambo mengine nilikuta ni yale yale: kwaya, mahubiri, sadaka, na matangazo marefu kuliko mahubiri. Niliwahi kusikia kwamba Marafiki wa Uingereza na baadhi ya wale wa Marekani huabudu kwa kukaa kimya, hakuna padri, hakuna wimbo, mpaka mmoja aguswe na Roho asimame aseme. Huku kwetu si hivyo. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson, walifika Kaimosi, si mbali na hapa, na Marafiki waliowatuma walikuwa tayari na wachungaji na nyimbo. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na wengi wao wanaimba. Kuhusu kimya nitarudi baadaye.

Darasa langu lilikuwa stoo. Bado kuna ndoano ukutani ambazo zilishikilia majembe. Lina watoto 17, na kwenye karatasi za ofisi linaitwa kitengo maalum, lakini shule nzima wanaliita "spesho". Mtoto akikosea jibu huko Gredi ya 5, mwenzake anamwambia, "Nenda spesho." Nimepigana na neno hilo kwa miaka, nikashindwa. Sasa nimebadilisha mbinu. Kila mtoto anayeingia darasani kwangu namwambia spesho ni chai ya maziwa yenye tangawizi, ile inayouzwa bei juu kuliko ya kawaida. Wanacheka. Haiponyi kidonda, ila mtoto anapata la kujibu.

Hawa 17 hawafanani. Wawili wana ulemavu wa akili unaoonekana tangu utotoni. Mmoja ana kifafa. Waliobaki ni wale wanaonichosha kuwaeleza kwa watu: watoto werevu kabisa, wanaotumwa dukani wakarudi na chenji sawa, wanaojua ng'ombe wa nani amezaa, lakini ukiwapa ukurasa wa kitabu ni kama umewapa ukurasa wa Kichina. Ulemavu wao hauna fimbo ya kutembelea. Hauna miwani. Ndiyo maana unaitwa uvivu.

Kasuku alifika kwangu kutoka Gredi ya 3, darasa la watoto 68. Mwalimu wake, mtu mwema na aliyechoka, aliniambia, "Huyu anasoma vizuri sana, lakini mtihani anapata sufuri. Sijui." Nikampa kitabu. Akasoma ukurasa wa kwanza bila kigugumizi, na kituo akaweka, na sauti akapandisha kwenye alama ya kuuliza. Nikafungua kurasa mbili kwa pamoja bila yeye kujua. Akaendelea kusoma ukurasa ule niliouruka, neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya maneno mengine kabisa.

Alikuwa amekariri kitabu chote kwa kusikia wenzake. Kila kitabu cha Gredi ya 1 hadi ya 3. Fikiria kazi hiyo! Miaka mitatu mtoto amebeba maktaba kichwani ili watu wasigundue kwamba hajui kusoma. Na sisi tunamwita mvivu.

Nilimfungia kitabu nikamuuliza taratibu, "Ni nani anajua?" Akasema, "Guku tu." Guku ndiye nyanya yake, ndivyo Wamaragoli wanavyosema. Guku naye hajui kusoma, kwa hiyo siri ilikuwa salama.

Sasa turudi kwa baba na dada.

Kikombe ukikigeuza kikaangalia kushoto, bado ni kikombe. Jembe likilazwa ni jembe. Mbuzi akikupa mgongo ni mbuzi. Tangu mtoto anazaliwa dunia inamfundisha kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa. Halafu anakuja shule tunamwambia: huu mstari wenye tumbo ukiangalia huku ni b, ukiangalia kule ni d, ukizama chini ni p. Watoto wengi wanaumeza uongo huo mapema. Wenye disleksia, yaani ule ulemavu wa kusoma, wanachukua miaka, na kwa Kiswahili shida inauma zaidi kwa sababu tumeyaweka maneno ya nyumbani kabisa hapo hapo: baba, dada. Herufi mbili tu na kioo.

Nilijaribu njia za vitabuni. Kuna ile ya kukunja ngumi mbili na kuinua vidole gumba ili upate umbo la kitanda, lakini hiyo ni ya neno la Kiingereza, "bed", na mtoto asiyejua kuandika "bed" haimsaidii hata chembe. Siku ya ndevu ndipo nikapata yangu, kwa bahati. Nilichora b kubwa ubaoni nikamwekea kichwa na miguu. "Maandishi yanaelekea wapi?" Wakasema kule, mlangoni. "Basi huyu anatembea kuelekea mlangoni. Ana nini mbele?" Kitambi! Baba ana kitambi mbele. Nikachora d, nayo ikielekea mlangoni. Kabla sijauliza, msichana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Amebeba mtoto mgongoni!" Dada amebeba mtoto mgongoni. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikahisi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Miaka mingi nafundisha hizi herufi na mtoto ndiye ananifundisha.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma neno lenye b au d, utawaona wanajishika tumbo au wanajipapasa mgongo. Mgeni akiingia atadhani wana kunguni.

Ila p ilinipa somo lingine. Nina mvulana ambaye mama yake ametoka Bungoma, na kila ninapoimla "baba" yeye anaandika "papa". Nikamwandika kwenye daftari langu: anageuza herufi. Nikamfanyisha mazoezi wiki mbili. Siku moja mama yake akaja kuleta mahindi ya chakula cha mchana, nikamsikia akimwambia mtoto, "Papa wako anakungoja." Kwa Kibukusu baba ni papa. Mtoto hakuwa amegeuza chochote. Aliandika alichosikia nyumbani, tena kwa usahihi kamili. Niliona haya, nikafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu yeyote, kabla hujamwita mtoto mlemavu wa kusoma, ni masikio. Lugha anayoisikia, na masikio yenyewe kama nyama. Tuna kituo cha upimaji, tunakiita EARC. Hivi vituo vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kupima mtoto kabla hajapangiwa darasa. Mmoja niliyempeleka huko nikiwa na uhakika ana shida ya kujifunza, walimwangalia sikio wakakuta usaha. Alitibiwa, akarudi darasa la kawaida muhula uliofuata. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo iliyokuwa imemzuia miaka miwili. Hakuna kitu kingine.

Mafunzo yangu niliyapata KISE, ile taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani, Nairobi. Nilisoma wakati wa likizo, huku nafundisha. Mkiniuliza kwa nini nilienda, jibu la kweli la kwanza ni posho ya walimu wa elimu maalum, na mke wangu atanishuhudia. Jibu la pili nalitoa kwa shida.

Mwaka 2007, shule nyingine, kaunti nyingine, nilikuwa na mvulana wa darasa la tano mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Alinakili ubao kama mashine. Nikimwambia asome alichoandika, kimya. Nikaamua ni jeuri. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, na katika ofisi ya walimu fimbo zilikuwa nyuma ya kabati, kila mtu alijua. Nilimchapa mara nyingi. Hakuwahi kulia, na hilo likanithibitishia jeuri yake.

Mwaka 2013 nilipanda bodaboda kwenye stendi moja ya huko. Dereva alinitambua kabla sijamtambua. "Mwalimu, habari ya siku nyingi." Alinifikisha, nikamlipa shilingi mia kwa M-Pesa. Simu yake ikalia. Akaitoa mfukoni, akaiangalia kidogo, akaninyoshea mimi. "Nisomee kama imeingia."

Nikamsomea. Shilingi mia moja, kutoka kwa, na jina langu. Akaitikia kwa kichwa, akawasha pikipiki, akaondoka.

Fomu za KISE nilizijaza mwaka uliofuata. Sisemi moja lilizaa lingine. Posho nayo ilikuwepo.

Jambo ambalo Kasarani walinifundisha na ambalo nimelitumia kila siku ni kwamba mtoto wa aina hii asome kwa mwili mzima. Aone herufi, aitamke, aiguse, aiandike hewani, vyote kwa pamoja. Wamarekani wawili, Orton na Gillingham, ndio waliotengeneza njia hiyo karibu miaka mia iliyopita, mmoja daktari, mwingine mwalimu. Vifaa vyao vinauzwa ghali kwenye maboksi. Sisi tuna udongo mwekundu wa bure.

Na hapa ndipo nilipowaelewa Marafiki wa zamani. Ile misheni ya Kaimosi jina lake rasmi lilikuwa na neno la viwanda ndani yake, yaani waliamini kwamba kusoma Biblia na kufyatua matofali ni elimu moja. Waliweka mashine ya kupasua mbao wakiwa bado wapya kabisa. Wazee wa huku bado wanajua kufyatua tofali. Nikamwomba mzee mmoja wa kamati ya shule atusaidie, akaja na watoto wakafinyanga alfabeti nzima, kila herufi kubwa kama mkate, tukazichoma kwenye tanuri lake pamoja na matofali ya choo kipya. Herufi tano zilipasuka, ikiwemo g ambayo mpaka leo hatujaitengeneza upya. Zilizobaki ziko kwenye gunia nyuma ya mlango. Mtoto anafunga macho, anatia mkono guniani, anapapasa, anasema ni ipi. Kasuku anaijua s kwa kidole, na bado kwa macho huichanganya na z.

Kiswahili, kwa bahati, ni lugha yenye huruma. Ukishajua silabi, neno lolote linasomeka, hata usilolijua maana. Ma ni ma leo, kesho na kwa jirani. Mateso yake yako kwenye urefu. Mtoto anafika kwenye "wanaotufundisha" anazimia. Basi nawaambia neno refu ni muwa: hakuna anayekula muwa mzima, unakatwa pingili kwa pingili. Wa, na, o, tu, fundisha. Nina makasi na vipande vya katoni, tunakata kweli kweli, tunavitawanya mezani, tunavipanga. Msichana mmoja aligundua kwamba ukitoa "tu" ukaweka "ku", sentensi nzima inahamia kwa mtu mwingine. Walimu wa sekondari wanafundisha hilo kwa majina makubwa. Yeye alilipata kwa makasi.

Kiingereza ni habari nyingine. Siku moja tulifika kwenye neno "knife". Wakataka kujua hiyo k inafanya nini pale mbele kama haisemi. Nikawaambia k hiyo ni Mrafiki wa kizamani, iko kwenye ibada ya kimya. Mwalimu mkuu, ambaye ni Mrafiki kindakindaki, alikuwa anapita dirishani. Alijikaza, akashindwa, akacheka.

Yule msichana wa "mtoto mgongoni" kusoma kwake si kubaya. Shida yake ni hesabu. Ukimwandikia 20 toa 12 anajibu 12, au 32, au anakuangalia tu. Lakini Jumamosi huuza parachichi sokoni na mama yake, na nilienda nikamwona. Mteja akachukua ya shilingi 12, akatoa sarafu ya ishirini, mbao, na msichana akatoa nane bila kufikiri, tena huku anamfukuza nzi. Jumatatu nikamletea sarafu darasani. Na sarafu anaweza. Tukahamia kuchora sarafu. Anaweza. Tukaandika namba pembeni ya mchoro. Anaweza, polepole. Tukafuta mchoro, ikabaki namba tupu: 12. Tumekwama hapo tangu Februari. Sijui daraja lililobaki ni la urefu gani, lakini najua hesabu imo ndani yake, nimeiona ikifukuza nzi.

Wazazi, kwa jumla, wananipa moyo kuliko ofisi. Kuna waliokuja wakiamini mtoto amelogwa. Kuna mhubiri mmoja mgeni, si wa kanisa hili, aliyeomba aruhusiwe kuwawekea mikono darasani wapone, akawapanga mstari, na baada ya maombi akampa Kasuku Biblia asome mbele ya watu. Sitaki hata kueleza uso wa yule mtoto. Nilikohoa, nikasema muda umekwisha. Mama mmoja naye, nilipomweleza kwamba hali hii mara nyingi hutembea katika ukoo, alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Mwalimu, miaka 14 mume wangu akipewa barua anasema amesahau miwani. Hana miwani! Hajawahi kuwa na miwani!"

Sasa kimya.

Ratiba yetu ina kipindi cha PPI kila Ijumaa, yaani kipindi cha mafundisho ya dini, na kanisa hutuma mtu. Kwa kawaida ni kijana mwenye gitaa. Muhula mmoja kijana alikuwa amesafiri akaja mzee, yule yule wa matofali. Aliingia darasani kwangu, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni, akasema, "Leo tutangoja." Basi. Akafumba macho.

Watoto waliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia yeye. Dakika moja. Mbili. Yule mvulana wangu asiyetulia, ambaye nimempa kazi ya kugonga kengele ili miguu yake ipate kisingizio, alianza kuzungusha kifungo cha shati. Kuku akaingia, akazunguka, akatoka. Karibu dakika ya tano hivi mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye husema maneno machache sana, akasema, "Mvua." Mzee akaitikia, "Ndiyo." Hakuna zaidi. Kweli mvua ilikuwa inakuja, ile yetu ya saa nane mchana, unaisikia kwenye mabati ya mbali kabla haijafika yako.

Alipoondoka, Kasuku akaniuliza, "Tutangoja tena lini?"

Niliwaza swali hilo wiki nzima. Kisha nikafanya jambo la kijinga: nilichukua saa nikajipima. Nikimwuliza mtoto swali, namngoja muda gani kabla sijamsaidia, au sijamwita mwingine? Sekunde mbili. Wakati mwingine moja. Mimi, mwenye cheti cha Kasarani ukutani! Mtoto wa disleksia anahitaji kuiona herufi, kuitafutia sauti, kuiunganisha na ya pili, kuangalia kama ni tumbo au mgongo, na mimi nimeshamwita jirani yake. Shuleni sisi hatungoji. Kengele inalia, silabasi inakimbia, watoto 68 wanainua mikono "Mwalimu! Mwalimu! Mimi!" na mikono hiyo, nimegundua, ndiyo inayowaua hawa wangu. Jibu linapoanza kuchomoza, mwingine ameshalisema.

Kwa hiyo darasani kwangu mikono imepigwa marufuku. Nauliza, kisha tunangoja. Nahesabu kumi moyoni. Mwanzoni ilikuwa mateso, nilijiuma ulimi kihalisi. Mkaguzi mmoja aliyetutembelea aliandika kwamba somo lina "mapengo". Nilitaka kumwambia mapengo ndiyo somo, lakini ana cheo, nikamwandalia chai.

Nakiri kuna mambo sijayapatia jibu. Wakimaliza kwangu wanaenda wapi? Darasa la kawaida lina watoto 68 na sekunde mbili. Watatu niliowarudisha huko mwaka juzi, mmoja anaendelea vizuri, mmoja ameacha shule anachuma majani chai, na wa tatu amerudi kuketi kwenye dirisha langu wakati wa mapumziko, nje, anasikiliza.

Jumatano hii nilimtuma Kasuku dukani kwa agrovet aninunulie dawa ya kupe, nikaenda naye mpaka njia panda kwa sababu nilikuwa na barua ya kupeleka. Nje ya duka kuna ubao mweusi ambao mwenye duka huandika kwa chaki. Kasuku akasimama mbele yake. Nikajua anachotaka kufanya, nikanyamaza. Pikipiki zikapita. Mwanamke mwenye kuni kichwani akatusalimu, nikamjibu kwa mkono tu. Kasuku akajishika tumbo.

"Mbo," akasema. "Le. A. Mbolea."

Hakuna kitabu chake chochote chenye neno hilo. Nimeshaangalia.

Akahamia neno la pili. Herufi tatu tu. Akajipapasa mgongoni, akasema "da" bila shaka yoyote, kisha akasimama. Nikahesabu mpaka kumi. Nikahesabu tena. Alikunja uso, akaruka neno hilo, akasoma la tatu, "i-ko," kisha akarudi kwa lile la katikati na kulinyoshea kidole kwa hasira.

"Mwalimu, huyu mtu wa duka hajui kuandika. Hapa amekata mkia."

Ubao ulisema, kwa herufi ndogo: mbolea dap iko. Ni ile DAP ya kupandia, jina la ufupisho.